Nguzo ya Mpaka

Panga la kaka mtu lilishampata mdogo wake begani ndipo mpima ardhi akatokea mbio.

"Hakuihamisha nguzo yeye, mzee! Ni tetemeko la jana. Bara zima linapasuka, polepole, tangu enzi na enzi. Jana liliruka ghafla. Itazame barabara!"

Kaka mtu akageuka. Barabara ilikuwa imekatika, kipande cha pili kimesogea kando, kwa kiasi kilekile ilichosogea nguzo yao ya mpaka.

"Si nilikwambia, kaka?" Damu ilimchuruzika mdogo wake hadi kwenye kucha.

Ardhi ikanguruma tena. Ufa ukaachama kati ya ndugu hao wawili, mahindi yakaporomokea ndani na mizizi yake.

"Rudi nyuma!" mpima akapiga kelele.

Kaka mtu akatupa panga. Akarudi nyuma hatua chache, kisha akakimbia kuuruka ufa, amfikie mdogo wake.