Ubeti wa Pili

Hemedi aliunganisha deki mpya kwenye televisheni, kisha akaiweka mlangoni redio ya CD ya zamani, aipeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu.

"Hii inapiga muziki na kuonyesha picha, mama. Ile ni nyimbo tu, na zenyewe zinakwama."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Mashavu. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

Miaka yote wimbo wao ulikwama ubeti wa pili, na marehemu mumewe aliinuka akagonga kifuniko cha redio ile kwa kidole, ukaendelea. Tangu azikwe, aliyeinuka ni yeye.

Sasa Hemedi aliitia CD ileile kwenye deki; ubeti wa pili ulifika, ukapita bila kusita. Bi Mashavu alikuwa ameshasimama katikati ya chumba, kidole amekinyoosha, hajui pa kugonga.