Salamu kutoka Bunagana

Asubuhi ile, kwenye skrini ya ofisi yao ya Ndosho, kituo cha mtandao cha Bunagana kilianza kusalimia tena.

Mukamurenzi aliacha chai yake ipoe. Kituo hicho kilikuwa mikononi mwa mume wake, Habiyaremye. Vita vilipofika huko, mchuuzi mmoja aliyekimbia alimwambia kwamba nyumba ya mitambo iliteketea, fundi akiwa ndani. Tangu hapo alivaa nyeusi.

"Papa Kamate, kuya uone," alimwita mkuu wake.

Mtandao wao uliishi kwa salamu. Kila kituo kilisalimia majirani wake. Jirani akinyamaza, alihesabiwa amekufa. Habari ikatangazwa hadi kituo cha mwisho, na kila kimoja kikachora ramani yake upya, njia zikimkwepa marehemu. Hakuna kilichokwenda kuhakikisha.

Kamate alikodolea macho skrini. "Courant ya umeme imerudia tu. Machine haina roho, mama."

"Na neno la siri?"

Mzee alisogea karibu na skrini. Mtandao ulipoongezewa ulinzi, salamu isiyobeba neno la siri ilianza kutupwa. La njia ya Bunagana lilikuwa limebadilishwa wiki ya mwisho kabla ya vita. Alilichagua Habiyaremye, akamnong'oneza mke wake peke yake; na salamu ya leo ilikuwa imelibeba.

"Usiende," Kamate alisema alipomwona akichukua mkoba. "Mufu akikuita, haumuitike."

Lakini barabara, iliyofungwa tangu vita, sasa ilikuwa imefunguliwa. Mukamurenzi alipanda lori lililokuwa likirudi tupu kufuata viazi. Njia nzima aliomba, asijue kama anaomba akute mtu au mzuka.

Bunagana, kando ya ukuta mweusi wa nyumba ya mitambo iliyoungua, palikuwa na kibanda cha mabati mapya. Mwanamume alichuchumaa mlangoni akikaza waya, akiipa barabara mgongo. Mabega yale angeyatambua hata gizani.

"Papa Habi!"

Koleo ilimdondoka. Alisimama taratibu, amekonda, kovu la moto limemshika shingo. Mukamurenzi alifungua mikono, machozi yakimtiririka.

Habiyaremye hakumkimbilia. Alirudi nyuma mpaka akaegemea mabati, akafanya ishara ya msalaba.

"Walisema bombe haikubakisha mutu kwa nyumba yetu kule Ndosho," alisema. "Nilikusomeshea misa. Kila siku niko nakuombea. Juu ya nini haupumuzike, mama?"