Kompyuta ya Ndoa

Sheria iliruhusu kompyuta moja tu kwa kila ndoa, kwa hiyo msajili alizipima za maharusi wote wawili ili ibaki iliyo bora. Ya Mbuke ilikuwa na miaka kumi na moja. Feni, memori, hata prosesa, alikuwa amezibadilisha mwenyewe kwa bisibisi ya marehemu baba yake.

"Hii ndiyo inayobaki," msajili alisema. "Hongera, dada. Fundi wako nani?"

"Ni mimi," Mbuke alijibu kifua mbele, na shangazi zake wakapiga vigelegele.

Kompyuta ya Lusajo, mumewe, ikachukuliwa kwenda kuyeyushwa.

Jioni Lusajo alisimama kando ya meza. "Samahani, mke wangu. Naomba kutumia kompyuta yako."

"Ni yetu," Mbuke alisema.

Lusajo alishukuru kama ashukuruvyo mgeni, akaketi ukingoni mwa kiti.