Mguu Uliogoma Kupona

Muuguzi Flora alifungua nailoni kwenye mguu wa kulia wa Mzee Kasiani, akaguna.

"Wa kushoto umepona kabisa, Babu. Huu mbona una malengelenge mapya?"

"Labda mwili umeikataa dawa, mwanangu."

Daktari wa Newala alishasema ni ugonjwa wa tezi ya shingoni. Ndio uliofanya ngozi ya miundi iwe nene, yenye vinundu kama ganda la chungwa. Vidonge vya kumeza, krimu ya kupaka, nailoni juu yake. Na hauambukizi. Lakini kijijini kwake Chilangala nani wa kumsikiliza daktari? Wengine walisema matende, wengine karogwa. Tangu amzike mkewe, majirani walimwamkia bila kusimama. "Shikamoo, Babu!" Marahaba yake iliwafuata mgongoni.

Aliyemgusa ni Flora peke yake. Kila Ijumaa alikuja na pikipiki, akaketi mkekani, akaipakata ile miguu bila kukunja uso. Kasiani alimchomea korosho, akambangulia mwenyewe ili mafuta ya maganda yasimuunguze vidole. Flora alitafuna na kumsimulia vituko vya zahanati, na mzee akacheka mpaka machozi. Siku sita zilizobaki alizungumza na kuku.

"Hivi nitapona kweli?" aliuliza leo.

"Utapona. Ukipona nakufuta kwenye orodha yangu, maana wagonjwa wa Mkunya wananililia."

"Hutapita tena?"

"Nipite kutibu nini, Babu?" Flora alicheka, akapaka krimu, akafunga nailoni mpya. Kisha akautazama tena ule mguu wa kulia, uso ukambadilika. "Lakini kwa hali hii siwezi kukuacha. Nitakuja na Jumanne pia."

"Mungu akubariki."

Pikipiki ikaondoka. Kasiani akalitazama vumbi jekundu mpaka likatua, na nyumba ikawa kubwa kupita kiasi. Aliumia moyoni, hakuficha. Alilia kidogo mbele ya kuku wake.

Jumatatu jioni aliokota unyoya uani, akaingia jikoni, akafungua ile nailoni. Akauchovya unyoya kwenye kopo la mafuta ya maganda ya korosho, akauma meno, akaupaka mguu wa kulia.

Akafikiri kidogo. Kisha akaunyoosha na wa kushoto.