Neno Moja kwa Siku

Kila asubuhi nilimpa Mama chai, naye akanipa neno moja jipya. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya usemi, na mimi, mwenye shahada ya tiba ya usemi, ndiye niliyemfundisha upya. Mshahara wangu uliishia kwenye kodi ya nyumba. Mkopo wa chuo ulilipwa kwa maneno: kila neno jipya la mgonjwa lilipunguza deni, ila akitamka sentensi nzima alihesabiwa amepona, na faili lake lilifungwa.

Leo, hata kabla sijamimina chai, Mama akasema, "Kizibo!"

Kisanduku cha kuhesabu deni kikaimba ukutani. Sifuri!

"Mama, tumemaliza!" Niliruka, nikamkumbatia, nikacheka hadi machozi.

"Kaa chini, Tunu," alisema.

Nikakaa. Maneno yalimtoka laini kabisa.

"Tangu lini unaweza, Mama?"

"Mwaka juzi." Akaushika mkono wangu. "Niliposema 'sukari', ulipiga makofi. Niliposema 'baridi', ulicheza humu ndani. Mwanangu, nilikuwa nasikia baridi."