Viatu vya Kibiwott

Sheria inamtaka kila mtoto avae viatu vya kufunzia mpaka ajue kukimbia bila kupoteza nguvu. Akitanguliza kisigino, vinamchoma. Havifunguki ila kwa kidole gumba cha mzazi.

Jelagat wangu alistahili jozi mpya. Nilimvalisha ya kaka yake Kibiwott, tuliyemzika mwaka juzi, na watu waniseme watakavyo. Viatu hivi hukumbuka mwendo wa aliyevivaa kwanza, na anayevirithi huchomwa mpaka akimbie vilevile. Kibiwott alikuwa na miguu mirefu. Jelagat ana miaka minane.

Wiki ya kwanza alilia kila hatua. Wiki ya tatu, nikiwa jikoni nasonga ugali, nilisikia hatua nyepesi zikizunguka nyumba, ndefu, zikigusa ardhi kwa mbele ya wayo, mguu wa kushoto ukiburuzika kidogo kwenye kona ya tangi la maji. Mwiko ulinidondoka. Hakuna mwingine aliyewahi kuikata kona ile hivyo.

Leo Jelagat amefaulu mtihani wa kukimbia. Alikuja mpaka mlangoni, soksi zimelowa damu, akaninyooshea mguu.

"Mama, mwalimu amesema nimemaliza. Nifungulie."

Nilikiangalia kidole changu, kisha nikakificha ndani ya leso.

"Zunguka tena," nikamwambia, nikafumba macho. "Na ukilia, lia kimya. Kibiwott hakuwa mtu wa kulia."