Nozeli Nane

Tundu la nane lilimchukua Verlene nusu saa, na lilipokamilika alijua kwamba huenda amemuua mume wake.

Alilegeza jiliwa, akaitoa nozeli ya shaba iliyokuwa ndogo kuliko kidole gumba, akaipuliza chembechembe na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tundu lake lilikuwa jembamba kama sindano. Humo ndimo gesi ya nitrasi ingepita kuingia kwenye injini. Tundu likiwa dogo, gari linakwenda tu. Likiwa kubwa, gari linaruka. Likiwa kubwa mno, pistoni zinayeyuka kama siagi na moto unamfuata dereva kitini.

Kiwandani, ambako alikuwa ametoboa vifaa vya madaktari wa meno kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Nozeli hizi tu ndizo zilizomshinda. Kila Agosti alizipanua kwa unene wa unywele, na kila Septemba mumewe, Hoyt, alishindwa na Royce Tackett kwenye mbio za magari kwa pengo lilelile: urefu wa magari manne. Royce hakuwa ameigusa injini yake tangu amzike mkewe. Sasa kosa lilikuwa la nani, kama si la mkono wake?

"Umemaliza, Mama Corinne?" Hoyt aliingia akifuta mikono kwenye suruali.

"Nimemaliza. Na sizidishi tena hata chembe. Nikizidisha, nitakuzika."

"Uzike nini? Nikifa nani atakulalamikia kahawa?" Alizipokea nozeli kwa viganja viwili kama mayai. "Haya matundu yatakunywa ratili tatu za gesi kwa mbio moja. Nikibonyeza kitufe tu, Royce atakula vumbi."

"Nikusaidie kufunga mtungi?"

"Aa. Wewe na matundu yako, mimi na mtungi wangu. Kila mtu na jiko lake."

Ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote. Mtungi wa gesi aliujaza Hoyt, akaufunga Hoyt, na baada ya mbio akauondoa yeye mwenyewe hata kabla ya kuvua kofia ya chuma.

Miaka saba iliyopita, binti yao Corinne alipojifungua mtoto wake wa kwanza kule Duluth, Hoyt aliapa mezani mbele ya mkewe: siku atakayomshinda Royce, kesho yake watafunga nyumba na kuhamia huko. Kabla ya hapo, haiwezekani. Kwao Piney Fork, mtu akihama akiwa ameshindwa, husemwa amekimbia, na jina lake huandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa choo cha uwanja wa mbio. Majina ya huko hayafutwi. Verlene aliona ni upuuzi, lakini ndiko alikoolewa.

Sanduku lake lilikuwa chini ya kitanda tangu siku ile. Alimfumia mjukuu sweta ya safari. Mtoto akakua; Verlene akaifumua, akaanza nyingine kubwa zaidi. Sasa alikuwa kwenye ya nne. Kila asubuhi aliosha vyombo akitazama dirishani mnara uleule wa maji, na mbwa yuleyule wa jirani akibweka mnyororoni.

"Si uje peke yako, mama?" Corinne alimwambia kwenye simu.

Peke yake vipi? Hoyt hakujua hata kuchemsha yai. Isitoshe, bahati mbaya, alikuwa anampenda.

Jumatatu ya mbio, mchana, uwanja ulijaa. Royce alimwona kwa mbali.

"Shemeji! Mwaka huu umempikia nini huyu bwana?"

"Sumu," alisema Verlene, wala hakuwa anatania sana. Royce alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Magari yakajipanga. Hoyt alipuliza ule moshi mweupe wa gesi ambao kila dereva huupuliza mstarini kusafisha bomba, na watu wakashangilia. Taa ikawaka kijani. Verlene akafumba macho. Alihesabu hadi kumi akisubiri mlipuko, huku akiomba Mungu ailinde injini aliyoiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Hakukuwa na mlipuko. Alipofumbua macho magari yote mawili yalikuwa mwisho wa uwanja, mazima.

"Tackett tena!" kipaza sauti kilipiga kelele. "Magari manne!"

Hoyt alirudi, injini ikinguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Akambusu mkewe kwenye paji la uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimejitahidi, mama. Mwakani, Mungu akipenda." Akageuka kuelekea nyuma ya gari. "Ngoja nitoe mtungi."

"Mtungi haukimbii!" Royce alimkamata bega. "Wewe ndiye unayekimbia. Umeshindwa, njoo unipakulie." Ndiyo desturi: aliyeshindwa humpakulia mshindi. Akamburuta hadi kwenye turubai la chakula, Hoyt akiangalia nyuma mara mbili.

Verlene alibaki. Mikono ilitaka kazi, na mtungi wa gesi hauachwi juani. Akaufungua, akaubeba kifuani hadi kwenye mizani ya pale uwanjani wanapojazia mitungi. Shingoni ulikuwa na kipande cha utepe chenye mwandiko wa Hoyt wa asubuhi ile, uzito wa mtungi ukiwa umejaa: ratili ishirini na tano na nusu.

Sindano ya mizani ilipanda, ikatikisika, ikatulia.

Ishirini na tano na robo.

Robo ratili tu, si zile tatu. Ule moshi mweupe wa mstarini, basi.

Kule chini ya turubai, Hoyt alikuwa anampakulia Royce maharage, akicheka kama mtu aliyeshinda kwa mwaka wa saba mfululizo.